Wanaotunza Wazee na Wagonjwa Nyumbani Wafunzwe, na Mafunzo Yao Yatambuliwe



Swali moja limekuwa likirudi katika mikutano yetu, nalo huzua mabishano kila mara: je, kijana anayekwenda kumtunza mzee au mgonjwa wa kitandani nyumbani kwake, yapasa kwanza afunzwe, apimwe na kupewa cheti? Wengi hujibu upesi kwamba upendo hauombi cheti. Mama zetu waliwatunza wazazi wao bila kuingia darasani. Msamaria wa Injili hakuulizwa diploma. Tena tukianza kudai karatasi, watakaobaki kuhudumu watakuwa wachache, na maskini ndio watakaoumia. Maneno hayo twayaheshimu, kwa maana yatoka kwa watu wanaohudumu kweli, si kwa watazamaji. Walakini twaona hayatoshi, na tungependa kueleza kwa nini, bila kuficha yale ambayo wenye kutupinga wameyaona vema.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Hatusemi hapa habari ya mgonjwa wa siku tatu. Twasema habari ya mama aliyepooza upande mmoja, ambaye hospitali imemrudisha nyumbani kwa kuwa haina la kumfanyia zaidi. Ya mzee ambaye miguu imemkataa. Ya mtoto aliyezaliwa na ulemavu na ambaye sasa ana miaka ishirini na uzito wa mtu mzima. Ya bibi anayesahau jina la bintiye. Watu hao hutunzwa miezi, hata miaka. Katika miji yetu nyumba za kulelea wazee ni chache sana, na familia nyingi huona haya kumpeleka mzazi huko. Basi mtunzaji huwa nani? Mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyeondolewa shuleni, au msichana aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya chakula, nguo na fedha kidogo mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza huonyeshwa chumba, beseni na sufuria ya uji, kisha huachwa.

Mtu asiyeweza kujigeuza huanza kuoza angali hai: mgongoni, kiunoni, kwenye visigino. Ili lisitokee hilo, yapasa ageuzwe, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, usiku pia. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu wa ngozi. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani. Mahali hapo huwa peusi zaidi, pana joto, au pagumu kuliko pembeni, na asiyefundishwa kupapasa kwa kiganja hatapajua mpaka kidonda kimefunguka. Akipajua, atapasugua kwa mafuta kwa nguvu akidhani anasaidia, kumbe anaiharibu nyama iliyo chini. Vivyo hivyo chakula. Mgonjwa wa kupooza akilishwa uji amelala chali, uji huingia mapafuni, na baada ya siku chache familia yasema ameshikwa na homa. Yapasa aketishwe, apewe kijiko kidogo, asubiriwe ameze, kisha aachwe ameketi muda wa nusu saa hivi kabla ya kulazwa tena. Akiwa anasinzia, asilishwe kabisa. Na huyo anayemwinua, asipofundishwa kupinda magoti na kumkaribia mgonjwa, mgongo wake mwenyewe utakwisha kabla hajatimiza miaka thelathini.

Hakuna hata jambo moja kati ya hayo ambalo upendo peke yake hulifunua. Upendo humfanya mtu aamke usiku wa manane. Ujuzi humwambia afanye nini akisha kuamka. Kuna methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Sisi twaona kwamba, kwa mgonjwa wa muda mrefu, hiyo si kanuni nzuri. Mtu aliyelala miaka miwili bado ni mtu. Ana mapenzi yake na aibu yake, na kuulizwa kama anataka uji sasa au baadaye, kama anataka binti au kijana wa kiume amwogeshe, ni sehemu ya heshima inayompasa. Hilo nalo hufundishwa. Tumeona vijana wapole sana wakimvua mzee nguo mbele ya wageni, si kwa ubaya, ila kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mlango hufungwa kwanza na shuka huvutwa kidogo kidogo.

Wanaosema kwamba Kanisa limehudumia wagonjwa siku zote bila mafunzo, tunawaomba waitazame historia. Mwezi wa Agosti 1617, Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon, nchini Ufaransa. Siku ya Dominika, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, akaletewa habari ya familia moja nje ya mji ambamo wote walikuwa wagonjwa na hapakuwa na wa kumsaidia mwenzake. Aliwahubiria waamini habari hiyo, na mioyo yao ikaguswa hata mchana huo njia ya kwenda kwa wagonjwa ikajaa watu, hawa wakienda na vyakula, wale wakirudi. Padri mwingine angalifurahi na kuishia hapo. Vinsenti aliona tatizo: upendo ulikuwa mwingi, lakini haukuwa na utaratibu. Chakula chote kile kilichofika siku moja kingeoza, na kesho yake familia ingekuwa na njaa ile ile. Kwa hiyo aliwakusanya wanawake wa parokia, akawapa zamu, na mwaka ule ule akawaandikia kanuni.

Kanuni ile yafaa isimuliwe kwenu, maana ni kama somo la kwanza la utunzaji wa nyumbani. Haikusema tu kwamba wagonjwa wapendwe. Ilieleza jinsi ya kuingia na kusalimu kwa uso wa furaha, jinsi ya kuandaa meza ndogo juu ya kitanda na kutandika kitambaa, kumnawisha mgonjwa mikono, kusali, kumkatia nyama, kumtia moyo ale. Tena ilielekeza kwamba anayepeleka chakula aanze na wale walio na mtu wa kuwatazama, na amalizie na wale walio peke yao, ili apate kukaa nao muda mrefu zaidi. Mtu aliyeandika hivyo alijua kwamba nia njema ikiachwa bila maelezo hutawanyika. Kwa macho yetu sisi tuliopita katika shule za ualimu, hiyo ni kazi ya mwalimu hasa: kulivunja tendo kubwa vipande vidogo vinavyoweza kujifunzwa na kila mtu.

Baadaye, huko Paris, mabibi wa nyumba tajiri waliojiunga na kazi hiyo walianza kuwatuma watumishi wao badala ya kwenda wenyewe. Hapo ndipo walipoingia wasichana wa vijijini. Wa kwanza wao, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma kwa kuwauliza wapita njia maana ya herufi, kisha akawafundisha wasichana wengine. Luiza wa Marillac akawakusanya wasichana hao mwaka 1633, akiwafundisha sala, kusoma na namna ya kuwatunza wagonjwa. Mtambue mambo mawili hapa. La kwanza: mafunzo hayakuwa ukuta wa kuwazuia maskini, yalikuwa mlango waliopitia. La pili ni la uchungu. Marguerite mwenyewe alikufa mapema mwaka huo huo wa 1633, baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni. Vinsenti alimtaja kwa heshima maisha yake yote, nasi twamheshimu. Lakini leo twajua namna magonjwa yanavyoambukizwa, na kwa sababu hiyo hatuna haki ya kumtuma kijana wa parokia kufa kwa jambo ambalo somo la asubuhi moja na jozi ya mipira ya mikono vingemkinga.

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kwenda mpaka Paris kulijua hilo. Kikwit, mwaka 1995, ugonjwa wa Ebola uliwapata watu 315, na zaidi ya watatu kati ya kila wanne walifariki. Karibu robo ya wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa afya. Masista sita wa Shirika la Maskini wa Bergamo walikufa mmoja baada ya mwingine, kati ya mwezi wa Aprili na Mei, wakiwahudumia wagonjwa na wakihudumiana wao kwa wao. Baadhi yao walikuwa wauguzi waliosoma. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mafunzo yatosha: mafunzo bila sabuni, bila maji na bila mipira ya mikono ni maneno. Na Kivu ya Kaskazini pamoja na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wagonjwa 3,470 na waliofariki 2,287: wangapi kati yao waliambukizwa wakimfuta jasho mama, wakimbeba mtoto, wakiosha maiti ya baba? Wakati ule wote tulijifunza kunawa mikono. Ugonjwa ulipoondoka, ndoo za maji mlangoni nazo ziliondoka.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya Mungu aliye Upendo, alifundisha kwamba kwa wale wanaowahudumia wenye shida ujuzi wa kazi ni sharti la kwanza, ila peke yake hautoshi, kwa maana aliye mbele yao ni mtu, naye anahitaji pia moyo ulioundwa. Mtaona kwamba hakuuweka moyo mahali pa ujuzi, wala ujuzi mahali pa moyo. Hata Msamaria, mkiisoma vema sura ya kumi ya Luka, hakufika mikono mitupu: alikuwa na mafuta na divai, ambavyo ndivyo vilivyokuwa dawa za vidonda za wakati wake, alijua kufunga jeraha, alijua kumbeba mtu, na gharama ya siku zilizofuata aliilipa kwa mwenye nyumba ya wageni. Twapenda kuuhubiri moyo wake na kuusahau mfuko wake.

Sasa tutoke kidogo nchini mwetu, kwa sababu iliyo ya kweli. Wengi wenu mna ndugu waliopitia kambi za wakimbizi za Burundi, Rwanda, Uganda au Tanzania, na ambao leo wanaishi Marekani. Ukiwauliza kazi wanayoifanya, wengi watasema wanawatunza wazee. Kazi ile ile ambayo huku hupewa msichana asiye na jina, kule ina sheria. Tuchukue mfano wa jimbo la Washington, lililo upande wa magharibi wa nchi ile. Mwaka 2008 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kwamba watunzaji wa muda mrefu wafunzwe na wapewe cheti. Watawala wakaahirisha utekelezaji, wakisema fedha hazipo. Mwaka 2011 wananchi wakapiga kura tena, wakasema ndiyo mara ya pili. Muungano wa wafanyakazi wenyewe, yaani watunzaji, ndio uliosimama mbele kulidai jambo hilo. Ebu litafakarini: si wakubwa waliowalazimisha watunzaji wasome, watunzaji ndio waliodai kufunzwa, kwa kuwa walijua kwamba kazi isiyo na mafunzo haina heshima wala mshahara.

Sheria ile yadai saa 75: mbili za kuingizwa kazini, tatu za usalama, na sabini za mafunzo ya msingi, ambayo yapasa yamalizwe ndani ya siku 120 tangu kuajiriwa. Mtunzaji huchunguzwa mwenendo wake kwa alama za vidole, ili aliyewahi kumdhulumu mtu dhaifu asiingie tena katika nyumba ya mtu dhaifu. Kisha hufanya mtihani wenye sehemu mbili: maswali, na matendo ya mikono mbele ya mpimaji. Cheti hupatikana ndani ya siku 200, na asiyekijua vema Kiingereza huongezewa siku 60. Mtihani hutolewa katika lugha kadhaa. Baada ya hapo, kila mwaka kuna saa 12 za kujiendeleza.

La maana zaidi kwetu ni jinsi sheria ile inavyowatazama watu wa nyumbani. Mzazi anayemtunza mwanawe, na mtoto anayemtunza mzazi wake, hawadaiwi saa zote 75 wala cheti kile. Hudaiwa saa chache zaidi. Hivyo hoja ya wale wasemao kwamba binti hawezi kuombwa diploma ili amlishe mama yake imekwisha kujibiwa. Ni kweli, haombwi. Lakini hata yeye hufundishwa kidogo, kwa sababu uji haujui kama mkono unaoushika kijiko ni wa binti au wa mgeni.

Hatusemi kwamba tuichukue sheria ya Washington na kuitia Bukavu, Goma au Kindu kama mtu anayevaa koti la jirani. Kule serikali hulipa sehemu kubwa ya huduma hizo. Huku familia hubeba mzigo wote. Tena kuna hatari ambayo wapinzani wetu wameiona vizuri kuliko sisi. Katika nchi yetu karatasi hupendwa mno. Tunawajua vijana waliotoa dola zao kwa vishule vya miezi miwili vilivyowaahidi cheti cha kutunza wazee na, baada yake, kazi Ulaya au Kanada. Walipewa karatasi yenye mihuri mitatu. Hawakuwahi kugusa kitanda. Ikiwa hicho ndicho cheti, basi tunawaunga mkono wenye kukikataa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na muhuri bila amali ni hata chini ya nta.

Tofauti, kwa maoni yetu, iko katika namna ya kupima. Mwalimu aliyefunzwa vema hamwulizi mwanafunzi ataje hatua saba za kunawa mikono. Humpa sabuni na kumtazama. Kwa hiyo mtihani wetu usiwe wa Kifaransa cha kuandika. Ukiwa hivyo, atakayeshinda ni kijana wa diploma ya serikali asiye na kazi, na atakayeanguka ni mama mwenye miaka ishirini ya uzoefu ambaye hakumaliza shule ya msingi. Upimaji uwe kwa Kiswahili, au kwa Mashi, Kinande, Kirega, kwa lugha ambayo mgonjwa na mtunzaji wanazungumza chumbani. Apewe mtu wa kumgeuza, wa kumketisha, wa kumlisha, kitanda cha kutandikwa akiwa mgonjwa yuko juu yake. Akiweza, ameweza.

Muuguzi wa nchi yetu ana shule zake, ITM na ISTM, na tangu sheria ya mwaka 2016 ana chama cha kisheria kinachoilinda kazi yake. Hata relais wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo hupewa mafunzo kabla ya kuanza. Anayekaa na mgonjwa mchana na usiku ndiye ambaye kwa kawaida huanza bila hata saa moja. Wauguzi wengine huogopa kwamba watunzaji wakipewa cheti watajifanya waganga, wataanza kuchoma sindano na kutundika serumu sebuleni. Hofu hiyo ina msingi. Tumeona yanayofanyika katika baadhi ya maduka ya dawa. Ndiyo maana cheti kizuri huandika pia yale ambayo mwenye nacho hana ruhusa kuyafanya: asichome sindano, asibadili kipimo cha dawa, asifungue kidonda kirefu, na akiona homa, kukosa pumzi au kinywa kilichopinda ghafla, amwite muuguzi bila kungoja kesho. Asiye na mafunzo ndiye asiyejua mpaka wake uko wapi.

Lipo jambo lingine ambalo twalisema kwa sauti ya chini, lakini ni lazima lisemwe. Mnajua wazee wanaofanyiwa nini katika baadhi ya mitaa na vijiji vyetu. Bibi akianza kutembea usiku, kusema na watu wasioonekana, kumshtaki mkwewe kwamba amemwibia, kujisahau mwili wake, neno linalofuata ni uchawi. Wengine wamefukuzwa. Wengine wamepigwa na kuchomwa moto, na kati ya waliobeba mawe walikuwamo vijana waliobatizwa. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni una dalili zinazojulikana. Muuguzi mmoja aweza kuzieleza kwa saa mbili: kwamba giza la jioni humchanganya zaidi, kwamba kubishana naye humwongezea hofu, kwamba taa ndogo, sauti ya upole na ratiba isiyobadilika humtuliza. Mtunzaji aliyesikia somo hilo, siku watu watakapokusanyika mlangoni, atakuwa na neno la kusema. Kama saa zote za mafunzo zingepaswa kupunguzwa kwa kukosa fedha, sisi tungeomba hizo mbili zibaki.

Tunachopendekeza kwa parokia ni kidogo, nacho chawezekana. Saa nne kila Jumamosi kwa muda wa majuma kumi, ambazo ni saa arobaini. Wafundishaji wawe wauguzi wa vituo vya afya vya diosezi, kwa mapatano na ofisi ya matendo ya afya, BDOM, ambayo ndiyo itakayotia sahihi. Pamoja nao awepo mama au baba aliyemtunza mgonjwa miaka mingi, maana muuguzi ajua namna ya kitandani hospitalini, lakini yeye ajua namna ya chumba chenye dirisha moja, bila bomba la maji, na godoro lililo chini. Asidaiwe mtu yeyote diploma ili aingie. Asilipe. Fedha zitoke katika matoleo ya tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992 na ambayo kwetu huisha mara nyingi kwa Misa ya mpako na sabuni moja moja. Alama za vidole hatutaweza. Lakini mwenyekiti wa shirika la mtaani na katekista wa mahali wanaweza kuandika wanachokijua juu ya mwenendo wa mwombaji, na mwezi wa kwanza asihudumu peke yake nyumbani mwa mtu. Watakaokasirishwa na sharti hili wafikirie wale wasioweza kupiga kelele.

Waliokwisha kuhudumu kwa miaka wasirudishwe mwanzo. Wapimwe kwanza, wakiweza, wapewe cheti siku hiyo hiyo, na wakionekana na upungufu mmoja, wafundishwe huo tu. Kwa waliotunza wazazi wao wenyewe zitoshe Jumamosi mbili.

Na mshahara? Hapa tutawaudhi baadhi ya wazazi wetu. Msichana akisha kujua kazi, akapimwa, akapewa cheti, hawezi tena kulipwa kwa kitenge cha Noeli. Papa Leo wa 13, tangu mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wa haki ni kosa kubwa, na hakusema kwamba kazi za ndani ya nyumba zimeachwa nje. Wengine watauliza: familia maskini itampata wapi wa kumlipa? Familia ambayo haina kabisa, huko ndiko mnakopaswa kwenda ninyi vijana wa makundi, kwa zamu, bure, mkiwa mmefunzwa. Familia yenye gari mlangoni na bibi chumba cha nyuma, hiyo ilipe. Tumechanganya mno mambo haya mawili, hata kujitolea kwa vijana kumekuwa njia ya matajiri kupata watumishi wa bei ya chini.

Makundi yanayotaka kuanza kabla ya mwaka mpya wa katekesi yaandike majina ya watu kumi na wawili, wasizidi, nusu yao wavulana, kwa kuwa wazee wa kiume nao wana aibu yao na kazi hii si ya wasichana peke yao. Kinachohitajika ni kitanda kimoja cha kufanyia mazoezi, mashuka mawili, beseni, sabuni, kijiko, kiti chenye mgongo, na muuguzi wa kituo cha afya atakayekubali kutoa Jumamosi zake. Paroko aombwe chumba kisichopitiwa na watu. Majina yapelekwe kwa mratibu wa Karitasi wa parokia, pamoja na orodha ya wagonjwa wa kitandani wa kila shirika, ambayo mwakilishi wa shirika aweza kuikamilisha kwa jioni mbili akitembea kwa miguu.